Hita ya Gesi Ikigoma Luzira: Itengeneze au Uiache?

Hita ya maji ya gesi ikigoma, ushauri wa haraka utakaoupata mtaani ni kuitupa na kufunga ya umeme, eti umeme ni nafuu. Kabla hujatoa pesa, fanya hesabu hii.

Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati ya takriban uniti 12.8 za umeme. Hita ndogo hupoteza kiasi kupitia moshi, kwa hiyo joto linaloingia kwenye maji ni kama uniti 11. Gawa bei ya kilo kwa 11, kisha linganisha na risiti yako ya umeme ya Yaka. Tuseme kilo unaipata kwa shilingi 10,000: kila uniti ya joto imekugharimu kama 910. Uniti ya umeme wa nyumbani, ukishamaliza zile 15 za mwanzo za bei ya chini, miaka hii imekuwa kati ya shilingi 700 na 850, na VAT ya asilimia 18 huongezwa juu yake. Ukijumlisha, unapata kati ya 830 na 1,000. Tofauti haipo, au ni ndogo mno kukufanya utupe kifaa kizima. Wanaovuka uniti 80 kwa mwezi ndio wenye faida, kwa sababu uniti kadhaa zinazofuata huuzwa kwa bei ya chini iitwayo bei ya mapishi, na kwao umeme ni chaguo zuri. Sisi wengine tuangalie kwanza kilichoharibika.

Fungua bomba la maji ya moto na usikilize. Usiposikia mlio wa cheche, anza na betri mbili kubwa zilizo chini ya hita, kwa maana ndizo za bei ndogo kuliko vipuri vyote. Zikiwa nzima, shuku presha ya maji. Hita nyingi zinahitaji walau bar 0.2 hadi 0.3, na kila mita moja ya kimo cha tanki hutoa bar 0.1 tu. Maji ya NWSC yakikatika ukategemea tanki lililo mita moja na nusu juu ya bomba la kuogea, hita haitawaka hata ikiwa mpya. Hapo dawa ni kuinua tanki au kuweka pampu ndogo. Kagua pia kichujio cha waya pale maji yanapoingilia. Kutu na mchanga wa mabomba hujaa humo, na kukisafisha hakuhitaji fundi.

Cheche zikisikika bila moto, tatizo liko upande wa gesi: mtungi umeisha, valvu imefungwa, au regulata imechoka. Regulata ya hita ni ya presha ya chini, milibari 28 hadi 30, kama lebo ya hita inavyosema. Ile ya majiko makubwa ya hoteli usiifunge hapo kamwe. Moto ukiwaka kisha ukazima baada ya sekunde chache, kijiti kinachohisi moto huenda kina masizi, na msasa laini unatosha. Na moto wa manjano? Huku ufukweni Port Bell wadudu wa ziwani huja kwa mawingu, na buibui nao hufuma ndani ya vichomeo. Hewa ikizibwa, moto hugeuka manjano na kutoa masizi. Zima, fungulia madirisha, mwite fundi.

Fundi akitaka kukutoza kwa kuondoa chokaa, mwombe akuonyeshe hiyo chokaa. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, hayaachi chokaa nyingi.

Kuna ubovu usiofaa kutengenezwa. Bomba la shaba lililozunguka kichomeo likitoboka, kulichomelea ni kununua wiki chache tu. Hapo nunua nyingine, au hamia hita ya kuogea ya umeme. Lakini ya umeme ya wati 5,500 huvuta ampea 25 kwa volti 220, na nyaya nyembamba za nyumba za kupanga hazistahimili mzigo huo. Weka gharama ya waya mnene, swichi yake na waya wa ardhini kwenye hesabu, na ukumbuke kwamba umeme ukikatika utaoga maji baridi. Sola inamfaa mwenye nyumba yake. Mpangaji hawezi kuihamisha kutoka paani.

Wenye magari ya kupigia kambi, kama yale yanayoegeshwa kule Butabika, wapime kwanza betri ya gari na fyuzi. Hita zao nyingi huongozwa na umeme wa volti 12, na betri ikilegea, valvu ya gesi haifunguki. Vipuri vyake huagizwa ng'ambo, kwa hiyo hita ya kubeba, inayotundikwa nje ya gari, huwatosha wengi.

Jambo moja halina mjadala wa bei: hita ya gesi isifungwe ndani ya bafu. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na huua mtu akiwa anaoga. Ifungwe nje, kwenye kivuli, maji yaingie kwa bomba.

Uamuzi wangu basi: betri, kichujio, regulata na kijiti, tengeneza; shaba iliyotoboka, achana nayo. Na kabla fundi hajafungua skrubu ya kwanza, mtake ataje bei ya kipuri kando na bei ya kazi.