Fahamu: Kwa nini mvi zimekuwa hatari Kilifi

Katika Kaunti ya Kilifi, Kenya, wapo wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi wasije wakauawa. Mvi, zilizokuwa heshima ya mzee wa jamii ya Wagiriama wa huko, sasa zinatosha kumfanya aitwe mchawi.

Huanza na maradhi au msiba nyumbani. Mganga huulizwa, kisha kidole huelekezwa kwa babu. Lakini ukichimba, mara nyingi unakuta shamba: mzee hataki kuuza ardhi ya ukoo, na vijana wamechoka kungoja urithi. Huo ni uroho wa ardhi, uchawi ni kisingizio tu.

Kaya Godoma, huko Ganze, kuna makao ya wazee waliookolewa. Wengine wamewakimbia watoto waliowazaa wenyewe.

Scotland ilipitia haya. Chini ya sheria ya uchawi ya mwaka 1563, iliyofutwa 1736, watu wapatao 2,500 waliuawa, wengi wao wanawake. Machi 2022 kiongozi wa serikali yake, Nicola Sturgeon, aliomba radhi.

Kwa Sheria ya Uchawi ya Kenya ya 1925, kumtuhumu mtu uchawi ni kosa, isipokuwa mbele ya mamlaka kama chifu au polisi. Ukisikia mzee anatajwa, ripoti siku hiyo hiyo.