Masizi ya Mtutu

Mkaazi wa Malangali, yaani kata ile ya mji wa Sumbawanga wala si Malangali ya Mufindi yenye skuli mashuhuri, hahitaji kusimuliwa habari za unyevu. Kwani uwanda wa Ufipa, ulipo mji huo, umeinuka kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na tangu Novemba hata Aprili mvua na ukungu hupokezana zamu, na chuma kisichotunzwa huota kutu upesi. Ndiyo nchi liliyoifikia gobore katika karne ya 19, pamoja na misafara ya pembe na watumwa ya njia za Tabora na Ujiji. Na kila aliyerithi gobore alirithi na adha yake, nayo ni masizi yanayoganda mtutuni kila baruti inapowaka.

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, takriban sehemu 75, 15 na 10 katika mia, na ikisha kuungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa hewa, bali husalia chumvi na vumbi, sehemu ikitoka na ule moshi mzito, sehemu ikishika kuta za mtutu. Baada ya mipigo kadhaa mdeki hukwama njiani, na kushindilia kukawa kazi ya jasho. Tena chumvi hizo huvuta maji ya hewani, hivyo aliyewinda jioni ya masika akailaza silaha bila kuiosha huamkia kutu. Dawa yake ni maji ya moto, wala si mafuta, kwa kuwa chumvi haiyeyuki katika mafuta. Na wanaopaka mafuta juu ya masizi wakaridhika kwa kuona chuma kinang'aa wameyahifadhi maradhi yenyewe.

Risasi nayo ilikuwa adimu, na katika nchi ya wahunzi walioyeyusha chuma kwa tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu, haikuwa ajabu gobore kutiwa vipande vya chuma, ambavyo haviachi madini ya risasi mtutuni lakini huukwaruza, na mkwaruzo ndio maskani ya masizi.

Adha hii imewahi hata kutikisa dola. Shahamu iliyopakwa katika karatasi za risasi za bunduki ya Enfield ya 1853 iliwekwa ili kulainisha masizi na kurahisisha kushindilia. Lakini askari wa Bara Hindi, waliotakiwa kuing'ata karatasi hiyo, walisikia kwamba ni mafuta ya ng'ombe na nguruwe, wakachukizwa Wahindu na Waislamu sawia, na Mei 1857 maasi yakalipuka Meerut, ingawa chuki zilizoyazaa zilikuwa nyingi na za zamani zaidi.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alivumbua baruti isiyo na moshi, na ulimwengu ukaanza kuipa kisogo ile nyeusi. Lakini Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiuzwe katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango kwa magumegume na baruti ya kawaida. Basi bara likabakiwa na masizi ambayo Ulaya ilikuwa ikiyaaga.

Hata hivyo baruti mpya haikumaliza uchafu, hasa katika bastola ya kinu kinachozunguka itumiapo risasi za kusubu zilizojazwa kwa mkono, ambamo uchafu una wazazi watatu: baruti, mafuta ya kulainishia, na risasi yenyewe. Kwa rai yangu, kosa la wengi ni kusugua kabla ya kutazama. Ganda la risasi likitoka na weusi ubavuni, nguvu ya baruti ni hafifu, nalo halikutanuka kuziba tundu lake, hewa ya moto ikarudi nyuma. Ukoga mweusi unaonata ni wa mafuta yaliyozidi au yasiyofaa. Magamba ya kijivu ni madini ya risasi: yakiwa mwanzoni mwa mtutu, kwa kawaida risasi ni nyembamba na moto umepita kandoni mwake, yakiwa karibu na mdomo, mafuta yameishia njiani. Duara gumu ndani ya matundu huachwa na maganda mafupi, na ganda refu likija baadaye hugoma kuingia. Weusi usoni mwa kinu si kasoro hata kidogo, maana hapo pana mwanya ambao moto lazima uupitie.

Nchini Tanzania, kujitengenezea risasi bila idhini ni kosa, na vumbi la risasi ni sumu itambaayo polepole mwilini, mbaya zaidi kwa watoto; hivyo kazi ya kusafisha silaha haifanywi jikoni, wala mtu hali kabla ya kunawa kwa sabuni. Mwenye gobore halali huhakikisha kwanza kwamba halina kitu ndani, huliosha kwa maji ya moto na sabuni, hulikausha kabisa, ndipo hulipaka mafuta. Na kwa hali ya hewa ya Sumbawanga, baada ya siku mbili tatu hupitisha kitambaa cheupe tena, na kikitoka na rangi ya kutu, huanza upya tangu maji.