Je, wajua? Meli ya kigeni yaweza kukataliwa kabla haijatia nanga

Iwe Mombasa au Dar es Salaam, serikali inaweza kumtaka nahodha wa meli ya kigeni ataje bandari 10 za mwisho alizopitia, naye bado yuko baharini. Mamlaka hayo yanatokana na mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, uliorekebishwa London Desemba 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11 nchini Marekani. Marekebisho yalianza kutumika Julai 1, 2004. Yanahusu meli za abiria, na za mizigo za kuanzia tani 500, zinazosafiri kimataifa, manowari hazimo.

Meli ikiwa bandarini, kwa kawaida wakaguzi hutazama cheti cha usalama, basi. Wakiwa na sababu za msingi za kushuku, wanaweza kuipekua meli, kuichelewesha, kuizuilia au, hatari ikiwa ya papo hapo, kuitimua bandarini. La kushangaza zaidi ni hili: meli ambayo haijaingia lazima ijulishwe kwanza hatua inayoisubiri, hata ya kukataliwa kuingia, na nahodha akiamua kughairi safari ya kuingia, kanuni ya mkataba kuhusu hatua hizi haimhusu tena. Na meli ikicheleweshwa isivyostahili, ina haki ya fidia.