Padre Louis-Joseph Lebret: Mchumi Aliyeuliza Maendeleo ni ya Nani

Parokia inapopanga mradi, swali la kwanza mara nyingi huwa fedha: zitatoka wapi, na zitatosha nini? Padre Louis-Joseph Lebret, mtawa wa Shirika la Wahubiri, yaani Wadominikani, alitumia zaidi ya miaka 30 kuwahimiza wapangaji wa mipango waanze na swali jingine: watu hawa wanaishije, na wanakosa nini ili waishi kwa utu na heshima? Swali hilo lilimtoa katika bandari za wavuvi wa Ufaransa, likamfikisha kwa marais na mawaziri, katika mikutano ya Umoja wa Mataifa, na hatimaye katika Mafundisho Jamii ya Kanisa.

Lebret alizaliwa tarehe 26 Juni 1897 katika jimbo la Bretagne, pwani ya Ufaransa. Alikuwa ofisa wa jeshi la majini kabla ya kuingia utawani mwaka 1923. Baada ya kupewa Daraja Takatifu ya Upadre alipelekwa Saint-Malo, mji wa wavuvi. Huko aliwakuta wavuvi wadogo wamelemewa na ushindani wa kampuni kubwa, na familia zao zimezama katika umaskini. Angeweza kuwapa maneno ya faraja na kuishia hapo. Yeye alikwenda bandari hadi bandari akichunguza bei, pato na hali ya maisha ya familia, kisha akawasaidia wavuvi kujiunga katika vyama vyao. Tangu wakati huo hakuachana na kanuni moja: huruma isiyojua hesabu haifiki mbali, na hesabu isiyo na huruma hupotea njia.

Mwaka 1941 alianzisha kituo cha Économie et Humanisme, yaani “Uchumi na Utu”. Mwaka 1947 alialikwa kufundisha São Paulo, nchini Brazil. Katika Amerika ya Kusini alitambua kwamba yale aliyoyaona kwa wavuvi yanayakumba mataifa mazima: wanyonge hufanya kazi kwa bidii, lakini masharti ya soko hupangwa na wengine. Mwaka 1958 alianzisha mjini Paris taasisi ya IRFED ili kuwaandaa wataalamu wa maendeleo kutoka mataifa mbalimbali.

Barani Afrika, Waziri Mkuu wa Senegal, Mamadou Dia, aliyekuwa Mwislamu, alimwomba padre huyu msaada wa kuandaa mpango wa kwanza wa maendeleo wa nchi yake, wa mwaka 1961 hadi 1964. Kabla ya kuandika malengo, wataalamu walichunguza mikoa na vijiji, kwa kuwa Lebret aliamini kwamba mpango usiotokana na maisha ya watu hubaki karatasi. Lakini mwezi Desemba 1962 Dia aliondolewa madarakani na kufungwa gerezani kufuatia mgogoro wake na Rais Léopold Sédar Senghor. Mpango ukapoteza mtetezi wake mkuu. Nchini Lebanon, alikoitwa na Rais Fouad Chehab, timu yake ilibaini kwamba takriban asilimia 4 ya wananchi walikuwa wakipata karibu theluthi moja ya pato la taifa. Mageuzi yaliyofuata hayakuziba pengo hilo, na mwaka 1975 nchi hiyo ilitumbukia katika vita ya wenyewe kwa wenyewe. Mtaalamu anaweza kuonesha jeraha. Kulitibu kunahitaji utashi wa kisiasa na wongofu wa moyo.

Mwaka 1964 Mtakatifu Paulo VI alimtuma kuongoza ujumbe wa Vatican katika Mkutano wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuhusu Biashara na Maendeleo, uliofanyika Geneva. Mataifa maskini yalilalamikia bei ya mazao yao ghafi, huku bidhaa za viwandani walizonunua zikiwa ghali. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro au Kagera hahitaji mwalimu wa kumweleza jambo hili. Kwa Lebret, diplomasia ilikuwa kupeleka kilio cha mkulima huyo mahali ambapo maamuzi hufanyika.

Alikuwa pia mtaalamu katika Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatican, akachangia Hati ya “Gaudium et spes”, yaani “Furaha na matumaini”. Alishiriki kuandaa rasimu za Waraka wa Kitume wa “Populorum progressio”, yaani “Maendeleo ya watu”, lakini alifariki dunia tarehe 20 Julai 1966, kabla haujachapishwa. Waraka ulitolewa tarehe 26 Machi 1967, Sherehe ya Pasaka. Katika aya ya 14, Papa anatumia maneno ya Lebret kufundisha kwamba uchumi hauwezi kutengwa na ubinadamu. Wiki saba kamili kabla ya hapo, Azimio la Arusha lilikuwa limewakumbusha Watanzania kwamba fedha si msingi wa maendeleo.

Kanisa huyaita haya maendeleo fungamani ya binadamu. Lebret aliyaeleza kwa kutofautisha mahitaji ya aina tatu: yale ya lazima kama chakula, maji na makazi, yale yanayorahisisha maisha, na yale yanayomwinua mtu, yaani elimu, urafiki, utamaduni na sala. Jamii iliyoshiba mahitaji ya pili huku jirani akikosa ya kwanza bado haijaendelea. Anayepewa mkate na kunyimwa sauti naye hajakombolewa kikamilifu.

Ndugu msomaji, kamati ya maendeleo ya parokia yako itakapoketi, kabla ya kufungua kitabu cha hesabu, anzeni katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Ulizeni ni nani anayetembea mbali zaidi kutafuta maji, ni mtoto yupi aliyeacha shule, ni mjane yupi asiyefika kwenye mikutano. Andikeni majibu yao. Huo ndio mwanzo wa mpango wenu. Fedha zitafuata baada ya hapo.