Kavediloli, dawa inayotaka subira

Kati ya dawa za moyo ulioshindwa, Lasix, dawa ya kukojosha, hupendwa kwa sababu kazi yake huonekana siku hiyohiyo: mgonjwa hukojoa, uvimbe wa miguu hushuka, pumzi hurudi. Kavediloli haina bahati hiyo. Wiki za kwanza inaweza hata kumchosha mgonjwa zaidi, na wengi huiacha hapo, kabla haijaanza kazi.

Moyo dhaifu usiposukuma damu ya kutosha, mwili hufanya kana kwamba damu imemwagika. Hutoa kemikali ya noradrenalini kwa wingi na moyo huenda mbio. Ni kumchapa viboko punda mgonjwa: atapanda kilima, lakini kila kiboko kinammaliza. Miezi ikipita, kemikali hiyo huua chembe za msuli wa moyo, na moyo hutanuka. Kavediloli huziba vipokezi ambamo noradrenalini ingetua. Mapigo hupungua, na mwanzoni nguvu pia hupungua. Baada ya miezi kadhaa moyo wa wengi hunywea, ukasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo.

Zamani madaktari walikatazwa kutumia dawa za jamii hii kwa moyo ulioshindwa. Mwaka 1975 Finn Waagstein na wenzake wa Gothenburg, Sweden, waliandika juu ya wagonjwa 7 waliopata nafuu kwazo, nao wakapuuzwa kwa miaka. Mwaka 2001 utafiti wa COPERNICUS, wenye wagonjwa 2,289 waliokuwa na hali mbaya, ulionyesha kavediloli ikipunguza vifo kwa asilimia 35.

Huanzwa na miligramu 3.125 mara mbili kwa siku, pamoja na chakula, kisha huongezwa maradufu kila wiki mbili mgonjwa akistahimili. Kuikatisha ghafla ni hatari, kwa hiyo kununua vidonge vinne leo na vinne pesa ikipatikana hakufai.

Katika utafiti wa nchi 9 za Afrika, Uganda ikiwemo, uliochapishwa 2012, wastani wa umri wa wagonjwa wa moyo ulioshindwa ulikuwa miaka 52. Hawa bado wanalipa karo. Taasisi ya Moyo ya Uganda iko Mulago, Kampala, jirani kabisa na mtaa wa Kamwokya, lakini kupandisha dozi si lazima kumrudishe mgonjwa huko kila mara. Muuguzi aliyefunzwa, mwenye mashine ya presha, anaweza kuipandisha mtaani. Kamwokya Christian Caring Community imewahudumia wenye VVU mtaani humo kwa miongo kadhaa. Watu wanaomezeshwa dawa za maisha kwa uangalizi namna hiyo wapo. Wagonjwa wa moyo nao wanastahili vivyo hivyo.

Matumizi mengine: shinikizo la damu, moyo uliodhoofika baada ya shambulio, mishipa ya umio iliyovimba kwa wagonjwa wa ini. Mwenye pumu hapewi.