Mwenzio Akushuhudie: Adabu za Kubadilishana Viungo vya Tovuti



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Juma moja baada ya darsa ya akina mama alitujia mshonaji wa kofia za mkono, mama wa makamo anayelea wanawe kwa sindano yake. Mwanawe mkubwa alikuwa amemtengenezea tovuti: picha za kofia zimo, bei zimeandikwa, namna ya kuagiza imeelezwa. Miezi sita ilikuwa imepita, na waliopita hapo walikuwa jamaa zake wachache tu. "Sheikh," akatuambia, "duka liko wazi na taa inawaka, ila hakuna ajuaye mlango uko wapi." Alikuwa ameshauriwa awaandikie wenye tovuti nyingine wabadilishane viungo, naye akaona haya. Je, huko si kujipigia debe? Na je, ni halali?

Tulimjibu kwa ufupi siku ile. Leo tumeona tulipanue jibu, kwa sababu nyumba nyingi za mwambao huu zina mama au binti anayeuza halua, viungo, mabuibui au hina kupitia mtandao, na swali lake ni lao pia.

Kiungo ni nini?

Neno hili si geni kwetu watu wa pwani. Mwili una viungo vyake, na mchuzi huungwa kwa viungo vyake. Kiungo cha tovuti nacho huunganisha: ni maneno yaliyowekwa katika ukurasa mmoja ambayo msomaji akiyabofya hupelekwa ukurasa mwingine. Mwenye tovuti ya mapishi akiweka jina la muuza iliki, na jina hilo likampeleka msomaji kwenye duka la iliki, hicho ndicho kiungo. Kubadilishana ni kila mmoja kumwekea mwenzake.

Faida yake ya kwanza iko wazi. Nendeni Biashara Street, Mombasa, mkaulize duka la leso kitu ambacho hawana. Muuzaji mwema hasemi "hatuna" akanyamaza, bali hunyoosha mkono na kusema, "Jaribuni kwa jirani, pale mbele." Mteja amefaidika, jirani amefaidika, na aliyeelekeza ameacha sifa njema nyuma yake.

Faida ya pili imejificha. Google, ambayo wengi wetu huiuliza kila tutafutapo jambo, ilianzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Fikra yao ilikuwa kwamba kila kiungo ni mfano wa ushahidi: ukurasa unaoelekezwa na wengi huenda una manufaa, na ushahidi wa ukurasa unaoheshimika una uzito kuliko wa ukurasa usiojulikana. Leo mtambo huo hutazama mambo mengine mengi pia, lakini viungo bado vina nafasi yake. Tovuti isiyoelekezwa na yeyote ni kama mgeni asiye na mdhamini.

Waliosoma elimu ya hadithi hawatashangazwa na hayo. Wanazuoni wetu hawakupokea habari kwa utamu wake. Waliuliza imetoka kwa nani, naye aliipokea kwa nani, na kila mmoja katika mlolongo ule ni mwaminifu au la. Msimulizi mmoja madhubuti aliwatosheleza kuliko kumi wasiojulikana. Haya ndiyo mambo ya kuzingatiwa katika viungo: ubora wa shahidi kabla ya wingi wa mashahidi.

Nani aombwe?

Anayefaa kuombwa ni yule ambaye wasomaji wake watafaidika na bidhaa au elimu yako. Mshonaji wa kofia ana undugu na muuza kanzu, mpambaji wa maharusi, na dada anayeandika mapishi ya futari, kwa kuwa anayejiandaa kwa Idi huhitaji vyote hivyo. Hana undugu na muuza matairi. Kabla ya kuandika, isomeni tovuti ya huyo mtu kwa utulivu. Je, ina uhai, au iliachwa miaka mingi? Je, ina matangazo ya kamari, riba au picha zisizositiriwa? Msichokubali kiingie sebuleni kwenu, msikifungulie mlango kwa kiungo.

Kisha, na hili ndilo linalofungua nyoyo zaidi, tangulizeni kutoa. Iwekeeni tovuti yake kiungo kwanza, kwa kuwa kweli inafaa, bila sharti. Anayebisha hodi na sahani mkononi hupokewa tofauti na anayebisha mikono mitupu.

Namna ya kuandika

Barua pepe ya ombi iwe fupi, yenye jina la mwandishi na la mwenyeji, na ionyeshe kwamba mmesoma. Barua moja inayopelekwa kwa watu mia bila kubadilishwa hujulikana mara moja, na mahali pake ni pipani. Mama yetu yule tulimsaidia kuandika hivi:

"Assalaam alaykum dada yangu. Mimi ni mshonaji wa kofia za mkono. Nimesoma makala yako ya maandalizi ya Idi, na kwa maelezo yako ya mkate wa sinia nimeupika nyumbani ukakubali. Nimewawekea wateja wangu kiungo cha makala hiyo, katika ukurasa wangu wa Idi. Umetaja pale mavazi ya watoto, lakini hukutaja kofia zinapatikana wapi. Ukiona ukurasa wangu unawafaa wasomaji wako, nitashukuru ukiwaelekeza. Ukiona haufai, hapana neno, na kiungo chako kitabaki. Wassalaam."

Tazameni mambo manne. Ametaja makala mahususi. Ameeleza faida ya msomaji kabla ya faida yake. Ameonyesha mahali hasa kiungo kinapofaa, ili mwenzake asihangaike. Na amemwachia nafasi ya kukataa bila kuvunjiwa heshima. Jibu lisipokuja, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili, kisha acha. Kung'ang'ania hakumzidishii mtu riziki.

Mwekewa kiungo na aombe kiandikwe kwa maneno yenye maana. "Kofia za mkono za watoto" humwambia msomaji anaenda wapi, na mtambo wa kutafutia pia hufaidika na maneno hayo. "Bofya hapa" haisemi kitu. Na kwa dada zetu: si lazima mtume picha zenu wala namba ya simu ya nyumbani kwa msiyemjua. Jina la biashara na barua pepe ya biashara vinatosha.

Mipaka yake

Asili ya jambo hili ni uhalali, kwani ni kuelekezana katika manufaa, na dini yetu imefundisha kwamba anayemwonyesha mwenziwe jambo la kheri ana ujira ndani yake. Linageuka pale linapoingiwa na hadaa. Kiungo ni ushahidi, na anayeshuhudia asichokijua amejipalilia makaa. Wako wanaobadilishana viungo na mamia ya tovuti wasizozisoma, ili tu waonekane mbele. Google yenyewe inakataza ubadilishanaji wa kupindukia wa namna hiyo, na tovuti inayoufanya yaweza kushushwa au kuondolewa kabisa katika majibu. Na mtu akilipwa pesa ili aweke kiungo, hilo ni tangazo: msomaji aambiwe wazi kuwa ni tangazo, na fundi wa tovuti akitie alama maalumu inayoujulisha mtambo kwamba kimelipiwa.

Sisi wenyewe tuliwahi kuteleza. Tovuti ya madrasa yetu ilipoanza, tulipokea barua ya sifa nyingi kutoka kwa mtu tusiyemjua, aliyesema anauza vitabu vya watoto. Tulitazama ukurasa wa mbele tu, tukafurahi, tukamwekea kiungo. Mwaka mmoja baadaye mama mmoja alitupigia simu, sauti yake ikitetemeka. Mwanawe wa miaka kumi alikuwa akitafuta ratiba ya masomo, akabofya kile kiungo, akajikuta katika ukurasa wa kamari. Jina la tovuti hulipiwa kila mwaka, na yule mwenyewe alikuwa ameacha kulipa, wengine wakalichukua. Tulikiondoa kiungo saa ile ile na tukamwomba radhi mama, lakini ukweli ni kwamba mtoto yule alipita katika mlango uliofunguliwa na mwalimu wake. Tangu siku hiyo, mwanzo wa kila mwezi tunafungua kiungo kimoja baada ya kingine na kukitazama. Kazi yenyewe haimalizi nusu saa. Fanyeni hivyo nanyi, kwa kuwa anayewafuata amewaamini.

Ama mama mshonaji, aliandika barua nne. Wawili hawakujibu. Mmoja alikataa kwa maneno mazuri. Wa nne, yule dada wa mapishi, alimwekea kiungo na kuongeza sentensi mbili za kumsifu, na kabla ya Idi alikuja kutuambia ameagizwa kofia tatu na mtu ambaye si jamaa yake. Tatu si nyingi. Lakini zilishonwa kwa mkono, zikanunuliwa na mgeni, kwa ushuhuda wa mtu aliyesema kweli.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azibariki kazi za mikono ya mama zetu na dada zetu, azifanye ndimi zetu na kalamu zetu mashahidi wa kweli, na awahifadhi watoto wetu kila wanapopita. Amin.

Wabillahi tawfiq.