Majani Mabichi, Muhogo Mbovu

Mtu akitaka kujua watu wa Pemba wanakula nini hasa, asiende hotelini. Aende soko la Chake Chake alasiri ya Ramadhani. Hapo ataona muhogo, majimbi, viazi vikuu, mikungu ya mkono wa tembo, shelisheli na maboga, na watu wanabanana bega kwa bega kila mmoja akiwahi kitu cha kutia tui kabla jua halijazama. Mchele wa mapembe, ambao miezi mengine kumi na moja ndio bwana mkubwa wa vyungu vyetu, saa hiyo hujiweka kando. Futari ni ya shamba letu wenyewe.

Leo nataka kuzungumza juu ya muhogo, tena kwa aibu kidogo, maana habari yenyewe imenipata mimi.

Nina kipande cha shamba upande wa Vitongoji. Mimi si mkulima wa kutambiwa, ni mkulima wa siku za mapumziko. Mbegu nilipewa na jirani yangu wa shambani, bibi mtu mzima ambaye mikono yake imeshika jembe miaka mingi kuliko umri wangu. Alinikatia mzigo wa vijiti akanambia, "Chukua, mwanangu. Mbegu njema hii, mama yangu akiila." Nikapanda masika, nikapalilia, miti ikashika, majani yakawa mabichi ya kupendeza. Nikaanza kuahidi watu: shangazi kapu moja, mzee wa msikitini kapu moja. Ramadhani ilipokaribia nikaenda kuchimba. Muhogo kwa nje laini, hauna ila. Nikaukata: ndani mabaka ya rangi ya udongo, makavu kama gome. Nikachimba shina la pili, la tatu, la kumi. Katika shamba zima nilipata cha kujaza sufuria moja, tena baada ya kuchongachonga.

Nilimwita bibi. Akaukata mwengine mwenyewe, akaunusa, akanyamaza. Halafu akasema, "Mbona na wangu ndivyo ulivyo mwaka huu. Mimi nikidhani ardhi imechoka."

Ardhi haikuchoka, wasikilizaji. Hayo ni maradhi, na yana jina: michirizi ya kahawia. Hayakuanza jana. Mtaalamu Storey aliyaeleza mwaka 1936 katika kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, na kwa miaka mingi yalijulikana kuwa ni maradhi ya mwambao. Kuanzia mwaka 2004 yakaonekana kuenea Uganda, na baadaye sehemu nyingine za bara. Yanaletwa na virusi. Ndugu yake ni batobato, lakini batobato ni muungwana kidogo: hukunja majani na kuyatia rangirangi, mwenye shamba akajua mapema kuwa ana mgonjwa. Huyu mwengine ni mnafiki. Dalili zake kwenye majani ni manjano hafifu kandokando ya mishipa, na hukaa zaidi kwenye majani ya chini, yale yale ambayo yakizeeka hupukutika. Yakishapukutika, ushahidi umekwenda nao.

Husafiri kwa njia mbili. Ya kwanza ni inzi weupe, wale wadogo wanaoruka kama vumbi ukitikisa jani. Lakini inzi huyu haendi nayo mbali. Anayeyapeleka mbali, kutoka kijiji hadi kijiji na hata kuyavusha bahari, ni mimi na wewe, tukibeba vijiti vya mbegu juu ya baiskeli au juu ya dari ya gari ya abiria.

Na hapa pana jambo ambalo watu wa mjini huenda hawajalifikiria. Muhogo hauna duka la mbegu. Mahindi unanunua kwenye paketi. Punje moja inakupa mamia. Mti mmoja wa muhogo unakupa vijiti kama kumi vya kupanda, na vijiti hivyo ukiviweka wiki chache vinanyauka. Hakuna mfanyabiashara atakayeweka ghalani bidhaa ya namna hiyo. Kwa hivyo mbegu ya muhogo hupita mkono kwa mkono, jirani kwa jirani, mama mkwe kwa mkwe, bila ya senti. Ni jambo la kheri hilo, na ndilo lililolisha visiwa hivi karne kadhaa tangu Wareno walipoleta zao hili Afrika kutoka Amerika ya Kusini. Maradhi haya yamepanda juu ya kheri hiyo hiyo.

Sifa kubwa ya muhogo ni kungoja. Mpunga ukiiva uvune, usipovuna wataula ndege. Muhogo ukishakomaa unaweza kuuacha chini, ukaenda kuchuma karafuu zako, ukarudi miezi baadaye ukaukuta. Ni ghala lisilo mlango wala kufuli. Mkulima wetu hulitegemea ghala hilo kwa ajili ya Ramadhani, maana mwezi wenyewe hautulii: kila mwaka unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Mwaka 2015 tulianza kufunga katikati ya Juni, masika yakiwa yamemalizika tu. Mwaka 2025 tulianza mwanzoni mwa Machi, mwisho wa kiangazi. Mvua haifuati mwezi mwandamo, basi mkulima lazima apige hesabu: apande masika au vuli, na muhogo uliotangulia kukomaa aungojeshe ardhini mpaka bei ipande. Sasa, michirizi ya kahawia huzidi kuula muhogo kila unapokaa chini. Anayengoja bei ndiye anayeoza. Imekuwa kama mtu aliyeweka akiba yake benki, kumbe ndani ya kasha mna mchwa.

Mtu atasema, si tule wali tu? Tumekula, na tumeona. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Burma, mchele wa huko uliokuwa ukilisha Unguja na Pemba ulikatika, na serikali ya mkoloni ambayo kwa miaka ilitaka karafuu tu ikaanza kuwahimiza watu walime chakula. Mwaka 2008 bei ya mchele duniani ilipaa. Mwezi wa Julai 2023 India ikazuia kusafirisha mchele mweupe wa kawaida. Uamuzi unapitishwa Delhi, na mama wa Machomanne ndiye anayepunguza kibaba. Nayo karafuu, ambayo wazee wetu walizoea kuiuza wakanunua mchele, iliwahi kutuangusha vibaya Indonesia ilipoanza kujitosheleza kwa karafuu zake katika miaka ya 1980. Na midomo inaongezeka: sensa ya mwaka 2012 iliwakuta Pemba watu 406,848, ile ya 2022 iliwakuta 543,441. Kisiwa hakikuongezeka hata ukanda mmoja.

Dawa ya kunyunyiza ikayaponya maradhi haya hakuna. Iliyopo ni mbegu inayostahimili. Watafiti wa kilimo wa Zanzibar walitoa aina nne mwaka 2007, nazo ni Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. (Yote ni majina ya vijiji vya Unguja, na Mpemba yeyote atakuuliza kwa nini hata moja haikuitwa Wawi. Sina jibu.) Kustahimili si kinga kamili, lakini mkulima anachimba kitu badala ya kuchimba huzuni. Taabu ni ile hesabu ya vijiti kumi: mbegu njema inaenea polepole, mbegu mbovu imeshatangulia.

Kwa hivyo kilichobaki ni watu wenyewe. Kuanzia mwaka huo huo wa 2007, kwa msaada wa IFAD, mfuko wa kimataifa wa maendeleo ya kilimo, zilienezwa Unguja na Pemba skuli za wakulima. Msidhani ni skuli ya ubao na chaki. Ni majirani, wengi wao akina mama, wanaokutana kila wiki katika konde moja. Upande huu wanapanda mbegu ya zamani, upande ule mpya, wanahesabu wadudu, wanapima, wanabishana. Faida yake naiona hapa: mwalimu akimwambia bibi wa Vitongoji kuwa mbegu ya mama yake ni mgonjwa, amemtukana. Akiona mwenyewe matuta mawili yamechimbwa siku moja, hakuna aliyemtukana.

Anayetaka kutoa au kupokea mbegu afanye hivi. Aikague miti ikingali na majani yake ya chini, akitia alama ile iliyo safi. Siku ya kukata vijiti achimbe shina lile lile, aukate muhogo vipande, aangalie ndani. Ukiwa na baka hata moja, vijiti vya mti huo ni vya kuni. Miti migonjwa ing'olewe mapema, isingoje kuwaambukiza wenziwe. Na wewe mnunuzi wa mjini, ukikuta baka la kahawia katika muhogo wako, usiutupe ukanyamaza. Mwambie aliyekuuzia, naye amwambie aliyemuuzia. Huenda mwenye shamba bado anailaumu ardhi yake.

Mimi ilinichukua wiki mbili kupata ulimi wa kumwambia jirani yangu. Nilimpelekea mzigo wa vijiti vya Kizimbani nilivyopewa na kikundi kimoja, nikaanza kuzunguka maneno. Akanikatiza: "Sema tu, mwanangu. Ilitoka kwangu, sivyo?" Nikamwambia ndivyo. Tukang'oa pamoja, la kwake kwanza, kisha langu. Matuta matatu ya pembeni alinizuia nisiyaguse. Hiyo, alisema, ni ya mama, atakwenda kuing'oa mwenyewe.